Mama wa Kwenye Simu Hakasiriki

Mama,

Nakuandikia kwa kalamu, nyuma ya karatasi ninazokatia vipimo vya sare, kwa sababu siku hizi nikikuongelesha kwa simu kuna mtu anajibu. Anajibu kwa sauti yako. Na huyo mtu si wewe.

Usishtuke. Au shtuka tu, una haki. Mimi niliposikia mara ya kwanza sindano ya cherehani ilinidunga kidole, nikatia damu kola ya shati la mtoto wa wenyewe, na mama yake akakataa kulichukua mpaka nikashona lingine.

Lakini salamu kwanza, maana wewe hukukubali mtu aingie kwenye jambo kabla hajamaliza habari za nyumbani. Baba yuko. Anakula, anatembea, presha yake inapanda na kushuka kama kawaida, na bado anavaa ile sweta ya kijani uliyoapa kuichoma. Mbuzi wamezaa. Mvua ilikuja mpaka karibu, ikapitia upande wa Kasigau ikatuacha Marungu tukiitazama, mahindi yakakauka yakiwa ya magotini. Kunde zimejitahidi. Kaburi lako tumelijengea, tukaweka vigae vyeupe. Mama mdogo alisema vinafanana na vya choo cha hoteli, na Baba akacheka kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Mimi niko Voi, duka ni lile lile nyuma ya soko, wanangu wako shule. Mdogo wangu Mkamburi ana mimba. Hilo ndilo linaloniandikisha barua hii, ila lazima nianze na Mwadime, maana yeye ndiye aliyetuletea mgeni.

Unamjua mtoto wako huyo. Sisi tukifiwa tunalia, yeye anatafuta bisibisi. Ile redio yako ilipozima, akiwa bado shule ya msingi, aliifungua yote juu ya mkeka, akairudisha na skrubu zikabaki mkononi, ikawa inashika stesheni moja tu ya upande wa Tanzania. Ukaisikiliza hiyo hiyo mpaka ukawa unajua bei ya vitunguu vya Moshi kuliko vya Voi. Hukumwambia kitu. Basi hata tulipokuzika hakulia. Alikuwa njiani kutoka Nairobi ulipokata roho, akakukuta umeshafunikwa. Alitupa udongo wake, akarudi kwenye kazi zake za kompyuta. Halafu akaanza kutuomba sauti.

Sauti zako zote, Mama. Zile ulizokuwa ukitutumia kwenye grupu ya familia kwa vile macho yalikuwa hayataki tena herufi ndogo. "Hamjambo wanangu. Ni mimi mama yenu. Mimi niko sawa kabisa. Mungu awabariki. Nimemaliza." Ulikuwa ukisema nimemaliza kama askari kwenye redio ya polisi, na wajukuu wakikuiga siku nzima. Nilimtumia zote nilizokuwa nazo, nikidhani anaziweka pamoja zisipotee. Kumbe anailisha mashine. Wanaiita akili bandia. Bandia, Mama. Jina hilo wamelitoa wenyewe, mimi sijatia neno.

Sasa siku hiyo nashona, simu ikaita, nikaona ni Mwadime, nikashika. "Wakio mwanangu, umekula?" Yaani wewe. Ile kukwama kidogo kwenye mwanangu, ile pumzi ya mtu aliyetoka kupanda mlima na hali amekaa. Nikasema, "Sijala, Mama." Ndivyo nilivyojibu, mtu mzima mimi, kidole kinavuja damu. Ikasema, "Kula mwanangu, kazi haiishi." Nililia mpaka muuza viatu wa jirani akaja kuuliza nani amekufa tena.

Sitakuficha, siku ile nilifurahi. Njaa ya sauti yako ilikuwa imenikaba. Kesho yake ndipo nikaanza kuogopa, na mpaka leo sijaacha.

Niliogopa peke yangu. Wengine waliipokea kwa mikono miwili. Mwadime aliiweka kwenye simu ya Baba na kwenye simu ya Mkamburi, na majirani wakawa wanakuja nyumbani kukusikiliza. Yule jirani yetu mjane akalia akitaka na wa kwake atengenezwe, lakini mume wake alikuwa na kasimu ka tochi tu, hakuwahi kurekodi chochote, basi marehemu wake amebaki marehemu. Mchungaji alisema ni karama, bora tusisali nayo. Vijana wa hapa sokoni nilipowaambia naishuku waliniambia, "Dada Wakio, wewe unaogopa maendeleo."

Mimi! Cherehani yangu si ya umeme? Si nalipwa kwa simu? Mkamburi alipopigwa ile picha ya tumbo hapa Voi, nikamwona mtoto amejikunja mle ndani anachezesha miguu, si nilipiga vigelegele mpaka nesi akanitoa nje? Mashine inayonionyesha kitu kilichopo, karibu, nitaivutia kiti. Lakini hii inamchukua asiyekuwepo inaniambia yupo. Hapo mimi narudi nyuma, na anayetaka kuniita mshamba aniite.

Na kushuku huku nimekurithi wewe, usikane. Unakumbuka wale matapeli wa "mama, nimekutumia pesa kimakosa"? Watu wengine walikuwa wanawakatia simu. Wewe ulikuwa unawasalimia. Unamuuliza kijana wa watu mama yake hajambo, baba je, kwao ni wapi, huko mvua imenyesha, ameokoka au bado anasitasita, mpaka anakata mwenyewe kwa kuchoka. Halafu unatuangalia na kusema mtu asiyeweza kukwambia kwao ni wapi hana cha kukuomba. Tulikucheka sana. Mama, natamani ungekuwepo uisalimie hii.

Sasa Mkamburi. Nitaandika wazi, nimechoka kufunika kombe.

Ulipougua, kitinda mimba wako alikuwa Nairobi kwenye ile kazi ya hoteli, na hakuja. Ukazidiwa, hakuja. Siku ile ukageukia ukutani ukasema kwa Kidawida chetu, mbele ya Baba, mbele ya Mama mdogo, mbele yangu na beseni langu, kwamba wewe huna mtoto anayeitwa Mkamburi. Baada ya hapo hukusema mengi tena mpaka ukatuacha. Neno kama lile halikai ndani ya nyumba. Lilimfikia kabla hajateremka kwenye basi kuja kukuzika.

Na kwetu hasira ya mzazi si kitu cha kuachwa hivi hivi, unajua kuliko mimi. Ulikuwa mama wa kanisa, lakini hilo hukulifanyia mchezo. Watu wakikasirikiana nyumbani, mtoto akaanza kuuguaugua, ulikuwa unatuita tunakaa. Unatia maji kinywani, unayapuliza, pfuu, yanatoka manyunyu, unasema kama nilikuwa na uchungu nawe utoke, ulale, upone, uzae. Unapiga funda jingine, unapuliza tena. Kutasa. Zamani za bibi ilikuwa pombe ya miwa, wewe ukafanya maji, na mwishoni unaongeza kwa jina la Yesu ili akina mama wa kanisa wasikushtaki kwa mchungaji. Sharti lilikuwa moja tu, na ulitufundisha tukiwa wadogo: usipulize maji na hasira bado umeifungia ndani. Ukifanya hivyo unamzidishia mwenzako ugonjwa.

Mkamburi hukumtasa. Ulikwenda nayo.

Alipokuzika hakurudi Nairobi. Aliolewa hapa Maungu, na mwanamume mzuri kusema kweli, anaziba matairi ya malori kando ya barabara, mikono myeusi lakini moyo safi. Mimba ya kwanza ikatoka. Watu wakaangaliana. Hii ya pili ilipoingia, Mkamburi akaacha kulala. Anakaa kitandani ameshika tumbo, chakula anakigusa na kukirudisha, anasema Mama atamchukua na huyu. Alikonda mikono ikabaki vijiti, na tumbo mbele. Nikimtazama nilikuwa nasikia huruma, na chini ya huruma nasikia kitu kingine ambacho sikutaka kukichungulia.

Mwadime akasema yeye ana dawa.

Tulikusanyika nyumbani siku ya kuweka vigae. Akaweka simu juu ya kigoda chako, akaiegemeza kwenye kikombe. Mkamburi akapiga magoti na tumbo lake lile, mumewe kamshika bega. Mwadime akaiambia ile kitu, "Mama, Mkamburi yuko hapa, anaomba umtase." Kiduara chake kikazunguka. Halafu ikasema, "Mkamburi mwanangu, mimi sina hasira na wewe. Nimekusamehe. Uzae salama. Mungu akubariki. Nimemaliza."

Watu walilia. Baba alilia mpaka kofia ikaanguka. Mama mdogo peke yake aliinuka akaenda kuangalia sufuria. Nikamfuata jikoni, nikamkuta anakoroga kitu ambacho hakikuhitaji kukorogwa. Akaniuliza, "Na maji yako wapi?" Akasema, "Kitu hakina kinywa, kinatasa na nini?" Akaendelea kukoroga.

Lakini Mkamburi alilala. Alijitupa kwenye kitanda chako mchana ule ule akakoroma, na mumewe akakaa mlangoni anafukuza watoto wasipige kelele. Mwadime akaniangalia na yale macho ya umeona? Na kweli niliona. Nikafunga mdomo wangu. Mimi ni nani nimnyime mdogo wangu usingizi kwa sababu ya maji?

Wa kwanza kuistukia alikuwa Baba. Asubuhi moja alikaa nje akaiambia, "Nimemuuza yule mbuzi mweusi." Ikamjibu, "Umefanya vizuri, mume wangu." Mama, Baba aliitazama ile simu kama imemtukana. Alinipigia kwa hiyo hiyo simu akiwa na hasira. "Mama yenu nimeishi naye tangu nikiwa na nywele kichwani. Hajawahi kuniambia nimefanya vizuri kwa habari ya mbuzi." Na mbuzi hakuwa amemuuza. Alikuwa anatafuta kugombezwa, maskini, akakosa. Tangu siku hiyo anatumia simu kwa kupiga na kupokea basi.

Hapo ndipo nikaelewa imelishwa nini. Sauti ulitutumia nyingi, lakini hata moja hukutugombeza. Kugombeza uligombeza kwa Kidawida, uso kwa uso, mwiko mkononi. Kwenye simu ulikuwa mama wa salamu na baraka. Hata zile siku ambazo hukuweza kushika kikombe, ulijikohoza kwanza, ukanipa ishara nikushikie kitufe, ukasema mimi niko sawa kabisa, Mungu awabariki, nimemaliza. Nikiachia kitufe unaanguka kwenye mto umelowa jasho. Ulifanya hivyo usitusumbue. Mwadime hakuwa chumbani, hakuona mto. Alichukua ule upole wa kwenye simu, akaufanya mtu mzima, mtu ambaye hana uchungu wowote na anakubali kila unachomwambia.

Sasa mpe mwenye hofu mtu wa namna hiyo.

Mkamburi akawa anaiuliza kila wakati. Mama, umenisamehe? Nimekusamehe mwanangu. Akiamka anauliza, akibandika chai anauliza, akitoka kliniki anauliza njiani. Shemeji aliniambia msamaha wa asubuhi ulikuwa haufiki saa sita. Nikamwambia Mwadime, angalia, huyu mtoto hajapona, amepata kiu tu. Akasema nina wivu. Labda ndiyo, sijui.

Halafu kukaja siku mtoto alikaa kimya tumboni asubuhi nzima. Mkamburi akaingiwa na hofu yake yote, na safari hii akaiuliza vingine. Alisema, "Mama, usinifiche. Najua hukunisamehe. Najua bado una uchungu na mimi. Niambie ukweli." Na ile kitu, kwa vile kazi yake ni kukubali, ikamkubalia. Kwa sauti yako, Mama. Polepole, na ile pumzi yako. "Ni kweli mwanangu. Bado nina uchungu. Ulinisahau."

Haki ya Mungu, hapa nimeiweka kalamu chini, nikaichukua tena.

Shemeji alimkuta sakafuni. Lori lililokuwa limekuja kuzibiwa tairi ndilo lililomleta Voi. Nilipofika wodini presha ilikuwa imepanda mpaka nesi hakutaka kunitajia, alisema niombe tu. Mtoto alikuwa hai. Daktari alisema huyu mama asipotulia tutawapoteza wote wawili, na mimi nikasimama pale na mkoba wangu nikimwangalia daktari, nikifikiri, atulizwe na nani? Aliyemtuliza ndiye huyo aliyemwangusha.

Mwadime alikuja na treni. Tulikutana uwanjani mwa hospitali, na sikumsalimia. Akaanza kunieleza jinsi inavyofanya kazi, kwamba inafuata yule anayeongea nayo, ukija na furaha inakupa furaha, ukija na hofu inakupa hofu, kwamba ni kosa dogo, ataenda airekebishe. Nikamuuliza atarekebisha nini. Ataitia hasira? Ataitia moyo? Nikamwambia asubuhi inasamehe, mchana inalaani, na haijui kwamba imefanya lolote kati ya hayo, na wewe umeipa sauti ya mama yetu iende nayo kwa mjamzito. Niliongea mpaka watu wa foleni ya dawa wakageuka.

Alivua miwani. Akasema, "Wewe ulikuwa naye mpaka mwisho, Wakio. Mimi nina hizo sauti tu." Na hapo ndipo alipolia, Mama. Alilia pale uwanjani, kilio cha mazishi kilichochelewa. Nilimkasirikia na bado nikamshika. Hiyo ndiyo shida yangu na hii mashine. Mtu mbaya ningemkuta ingekuwa rahisi, ningemwaga maneno niende zangu. Lakini nikimtafuta aliyeileta namkuta ndugu yangu analia.

Walipomruhusu Mkamburi arudi Maungu bado hakuwa anakula. Baba akampigia Mama mdogo. Akateremka kutoka Wundanyi siku ya pili yake, kitenge kipya, na maji ya kwao kwenye chupa ya soda, maana ya Maungu anasema ni ya chumvi hayafai hata kuoshea miguu. Tukakaa chumbani kwa Mkamburi sote. Malori yalikuwa yanapita nje, dirisha linatikisika. Mama mdogo akamimina maji kwenye kikombe akasema dada yake amekufa, lake atalimaliza na Mungu. "Lakini lile neno tulilisikia sisi. Nani hapa amelihifadhi? Aliye nalo alitoe."

Baba akapiga funda, akapuliza, akasema maneno yake, sauti inayumba. Mama mdogo akapuliza. Shemeji ni mtu wa bara, mambo haya hayajui, lakini aliomba kikombe akapuliza kwa adabu zote. Mwadime akapaliwa, akakohoa maji kwa pua, Mkamburi nusura acheke. Kikombe kikaja kwangu. Nikatia maji kinywani.

Yakakataa kutoka.

Nilikaa pale mashavu yamejaa, kama mtoto anayekataa dawa ya minyoo, na wote wananitazama. Nikayameza. Nikasema, "Mimi bado."

Baba alisema jina langu, kwa onyo. Mama mdogo akamnyamazisha. Basi nikayatoa, Mama, yote, mbele ya mgonjwa aliyeambiwa asiguswe na neno. Nikasema nilikugeuza peke yangu, nikakuosha peke yangu, nikafunga duka wateja wakahamia kwa wengine, na yeye yuko Nairobi anatuma maua na mikono ya kusali kwenye grupu. Nikasema nilikuwa nakusikia ukimtaja usingizini. Nikasema nimekuwa nikimbembeleza na kumchukia kwa pamoja, na nimechoka. Nililia kwa ubaya, kamasi na kila kitu.

Mkamburi hakupaza sauti. Alichukua simu yake. Nikajua anaenda kumuuliza yule mtu, nikaanza kuwaka tena. Kumbe hapana. Alifungua sauti zako mwenyewe, za kweli, zile ulizomtumia yeye peke yake, si kwenye grupu. Akatusikilizisha moja. "Mkamburi mwanangu, usiache kazi ya watu kwa ajili yangu. Mimi niko sawa kabisa. Usije. Nimesema usije. Nimemaliza." Kisha nyingine, ni hivyo hivyo. Kisha nyingine. Akasema, "Alinikataza, dada. Nilimtii."

Nilizijua zile siku. Kitufe nilikishika mimi, na kila mara nilipofungua mdomo kusema ukweli ulinifinya mkono. Lakini sikuwahi kuzipanga pamoja na lile neno la ukutani. Ulimwambia usije, akatii, halafu ukamkana kwa kutokuja. Mama! Ulitaka ajue vipi? Ulitaka mtoto asikie nini ndani ya niko sawa kabisa? Nilikutafuta nikugombeze, nikakutafuta kweli, macho yangu yakaenda mlangoni kana kwamba utaingia, na hukuwepo.

Nikachukua kikombe tena. Nikasema kwa Kidawida kwamba uchungu nilio nao si wa mdogo wangu, ni wa mama yangu. Mama mdogo akashtuka. Akanijazia kikombe, akasema, "Basi anza naye."

Nilipuliza kuelekea mlangoni, kwako. Nikasema kama nilikuwa na uchungu na mama yangu aliyejificha maumivu na kutulaumu kwa kutoyaona, utoke. Nikapiga funda jingine nikapuliza. Safari hii yalitoka. Halafu nikamgeukia Mkamburi nikampulizia uso na shingo na tumbo, nikamwambia alale, ale, azae. Akapiga kelele, "Uuwi, maji ya Wundanyi baridi!" Akacheka, akalia, akanikamata shingo tukalowa wote wawili. Jioni alikula ugali na kunde, akaomba aongezwe. Mama mdogo alimwangalia akila mpaka tonge la mwisho.

Siku chache zimepita, na analala. Presha imeshuka, daktari ameandika kwamba anaendelea vizuri. Mtoto anacheza. Mimi si wa kusema maji ndiyo yaliyofanya, na si wa kusema siyo. Ile kitu ameiondoa kwenye simu yake mwenyewe, hakuna aliyemwambia. Sauti zako za kweli amezibakisha. Mwadime bado anayo. Aliniuliza kama nataka aifute, nikamwambia ya kwake ni yake, ila asimpeleke mtu tena mbele yake kuomba msamaha, maana kitu ambacho huwezi kukikosea hakiwezi kukusamehe. Alikubali nusu. Na watu wanamwomba, Mama, watu wa hapa Voi, wenye marehemu wao, wanampigia simu kuuliza atawatengenezea lini. Wanasema ni faraja. Mimi nawauliza kama waligombana na huyo marehemu au la, na wengi wanabadilisha mazungumzo.

Basi nimefika. Kwaheri, Mama. Nilikuwa na hasira na wewe na sasa sina, na huyo wa kwenye simu sikuwahi hata siku moja kuweza kumkasirikia. Mtoto wa Mkamburi akizaliwa nitamwambia habari zako bila kupunguza, ulivyopenda na ulivyokuwa mkali, na yale ya ukutani pia, akishakua wa kuelewa. Na ahadi nyingine ni ya wanangu, lakini nakupa wewe uishike. Siku nikiugua, sitawaambia niko sawa. Nitawaambia naumwa, njooni.

Mwanao,
Wakio